Nyama, maziwa, unga na mifugo jijini Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kwenye bucha, foleni za maziwa, maduka ya agroveti na mikutano ya wafugaji kuanzia Kangemi hadi Ruai. Mengine yaliulizwa kwa hasira, na hasira hiyo tumeiacha ilivyo. Jibu linalohusu maswali mawili limeandikwa mara moja. Kwingine utapewa nambari ya kulifuata.

## Misingi

1. Nani hasa anakagua chakula ninachokula hapa Nairobi?

Hakuna ofisi moja. Mnyama akiwa hai yuko chini ya Idara ya Huduma za Mifugo, yenye makao yake Kabete, pamoja na madaktari wa mifugo wa kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya vichinjio, minada ya mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama. Akishachinjwa, anaingia chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356. Maziwa yana Bodi ya Maziwa. Bidhaa ya pakiti inaangaliwa na KEBS, shirika la viwango. Dawa za kunyunyizia mimea zinasajiliwa na PCPB, bodi ya kudhibiti dawa hizo, na KEPHIS, shirika la afya ya mimea, hupima mabaki yake kwenye mazao. Hoteli, kibanda na jiko la shule ni la afisa wa afya ya umma wa kaunti.

Ugumu uko mipakani mwa ofisi hizi. Ng'ombe anaweza kununuliwa mnadani Garissa, akachinjwa Kajiado, akaliwa Umoja hapa Nairobi. Hizo ni kaunti tatu, na ni rahisi kila mmoja akadhani mwenzake ameshaangalia.

2. Kama nyama inakaguliwa kichinjioni, kwa nini tena watu wazunguke mashambani kufuatilia magonjwa?

Kwa sababu mkaguzi wa nyama anaona kile tu kilichomfikia, na macho yana mwisho wake. Ng'ombe mwenye brusela anaweza kuning'inia ndoanoni na mnofu wa kupendeza kabisa. Mabaki ya viuavijasumu hayana rangi wala harufu. Mambo kama hayo hujulikana kwa damu iliyochukuliwa shambani, kwa maziwa yaliyopimwa kituoni, na kwa simu ya mfugaji anayesema mbuzi wake watatu wametupa mimba ndani ya wiki moja.

Sotoka ndiyo mfano ninaoupenda. Ugonjwa huo ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890, na chanjo iliyouvunja nguvu ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na Walter Plowright na wenzake. Kisa cha mwisho kujulikana duniani kilipatikana kwa nyati wa Mbuga ya Meru, 2001. Hata hivyo dunia haikutangazwa huru hadi 2011. Miaka kumi hiyo watu hawakukaa bure: waliendelea kupima damu na kuwahoji wafugaji wa kuhamahama, wakitafuta ugonjwa ambao huenda haukuwepo tena, kwa maana kutouona hakutoshi kusema haupo.

3. Ni magonjwa gani ya mifugo yanayoweza kunipata mimi?

Yanayosumbua zaidi kwetu ni brusela, kimeta, homa ya Bonde la Ufa, kichaa cha mbwa, kifua kikuu cha ng'ombe na tegu. Kenya ina kitengo maalum cha magonjwa ya aina hii, kinachoendeshwa kwa pamoja na wizara ya afya na ile ya mifugo.

Kuna mengine yanayotisha kwa kutazama tu lakini mlaji hayampati: ugonjwa wa miguu na midomo, ndigana kali, homa ya nguruwe ya Afrika. Hayo yanaua kipato cha mfugaji. Watu huyachanganya, kisha wanaogopa yasiyowahusu na kupuuza brusela, ambayo humwacha mtu na homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, akimeza dawa za malaria na taifodi miezi kadhaa bila kupona.

## Nyama

4. Nitajuaje kwamba nyama ya bucha imekaguliwa?

Tafuta muhuri. Mkaguzi huupiga kwenye mzoga, na mwenye bucha makini huacha kipande chenye muhuri hadi mwisho. Shida ni kwamba ukifika saa kumi jioni kipande hicho huenda kimeshauzwa. Basi omba kuona cheti cha kusafirishia nyama cha siku hiyo, ambacho hutolewa kichinjioni na kinapaswa kufuatana na mzigo hadi buchani. Mwenye bucha asiye na la kuficha hukitoa bila maneno mengi. Wengine hukibandika ukutani, karibu na leseni na vyeti vya afya vya wafanyakazi, ambavyo hupaswa kufanywa upya kila miezi sita.

Angalia pia nyama inavyofika. Inapaswa kuja ndani ya boksi lililofungwa, lenye leseni na lisilobeba kitu kingine. Nyama iliyofunikwa gunia nyuma ya boda boda haina haja ya kuulizwa cheti.

5. Mkaguzi hufanya nini zaidi ya kupiga muhuri?

Kabla ya kuchinja, mnyama hutazamwa akiwa amesimama na akitembea. Anachechemea? Anatoa mate? Anajitenga na wenzake? Mgonjwa hutengwa, na hapo ndipo mabishano ya kwanza ya siku huanza.

Baada ya kuchinja, kisu cha mkaguzi hufuata njia inayojulikana. Hukata misuli ya taya na moyo, akitafuta vilengelenge vyeupe vya tegu, vidogo mno kiasi kwamba mtu mwenye haraka anavipita. Mapafu huyapapasa kwa kiganja kizima. Uvimbe uliojaa maji ni alama ya minyoo ambayo mbwa huieneza kwa kinyesi. Ini hulipasua penye mirija ya nyongo na kulikamua, na wakichomoza minyoo bapa kama vijani, sehemu hiyo au ini lote linatupwa. Hufungua tezi moja baada ya nyingine, akitafuta dalili za kifua kikuu.

Yote hayo anayafanya mwenye ng'ombe akiwa amemsimamia begani, kwa kuwa ini linalotupwa ni pesa inayotupwa. Anayedhani kazi hii ni ya wino tu aende vichinjio vya Dagoretti au Kiamaiko alfajiri moja akasikilize yanayosemwa pale. Na kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: kinachotupwa kikiandikwa vizuri, pamoja na mahali mnyama alikotoka, rekodi hiyo inamwonyesha daktari wa kaunti ile ni malisho gani yamejaa minyoo. Kikitupwa bila kuandikwa, tumeokoa mlaji mmoja na kupoteza habari.

6. Nyama isiyotuliwa na nzi imetiwa dawa?

Nzi si mkaguzi. Hawatui kwenye nyama iliyo nyuma ya kioo, iliyo baridi, iliyo karibu na feni au moshi. Wanaweza pia kutua kwenye nyama iliyotiwa kemikali.

Hofu yenyewe haikutoka hewani. Julai 2019 taarifa ya runinga ilieleza jinsi nyama inavyotiwa chumvi ya salfaiti ili ionekane mbichi, na mjadala ukawaka nchi nzima. Salfaiti huruhusiwa kwenye vyakula kama matunda makavu. Kwenye nyama mbichi kazi yake ni udanganyifu: inarudisha wekundu huku uozo ukiendelea chini kwa chini, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Nyama ya kawaida hubadilika rangi. Ukiikata, ndani ina uzambarau. Ikipata hewa inakuwa nyekundu. Ikikaa inaelekea kahawia. Nyama iliyokuwa pale jana na leo bado inang'aa kama rangi ya lipstiki, iache.

7. Mutura na matumbo je?

Mutura ni damu, nyama ya kukatakata na utumbo, vitu vitatu vinavyoharibika upesi. Hatari yake ni pale unapochemshwa mchana, ukakaa, kisha ukapashwa juu juu jioni. Uliza upasuliwe na urudi kwenye makaa mpaka ndani ufuke moshi. Ubao na kisu pia ni sehemu ya chakula: ndoo ya maji yaleyale ya kusuuza tangu saa kumi na moja ni sababu tosha ya kuendelea na safari. Matumbo yaliyosafishwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu hayana neno.

8. Ng'ombe wa jirani amekufa ghafla usiku, na nyama inauzwa kwa bei ya chini. Nikiipika sana si itakuwa sawa?

Usiinunue, usiiguse, na usikubali kusaidia kumchuna.

Kifo cha ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au njia ya haja, na mzoga usiokakamaa vizuri: hizo ni dalili za kimeta mpaka maabara iseme vinginevyo. Bakteria wake wakikutana na hewa hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi, na mapishi ya kawaida hayatoi uhakika wa kuziua. Ndiyo maana mzoga haupasuliwi. Mnyama asiyepasuliwa anazikwa shimo refu au kuchomwa chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, na mambo yanaishia pale. Aliyepasuliwa anachafua boma, visu, ngozi na mikono ya kila aliyekuja kusaidia. Mwaka 2015 nyati wengi walikufa kwa kimeta Mbuga ya Ziwa Nakuru, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa.

Kama umeshaigusa, angalia ngozi. Kipele kinachogeuka kidonda chenye kigaga cheusi, mara nyingi bila maumivu, ni cha kupeleka hospitalini siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulichogusa. Ukiwahi, viuavijasumu vinatibu.

Aliyekuuzia pengine hakukusudia ubaya. Amepoteza ng'ombe na anajaribu kuokoa karo. Hilo tunalijadili kwenye swali la 19.

## Maziwa

9. Maziwa ya ATM ya mtaani ni salama?

Inategemea yaliingiaje mle. Mashine hupoza na kumimina tu, haiui vijidudu. Maziwa yanapaswa kupitishwa kwenye joto, kwa mfano nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, kabla ya kumwagwa ndani. Muulize mwuzaji anayapata wapi. Kisha inama uangalie mdomo wa bomba: ukiona ukoko wa manjano, maswali mengine hayana haja. Na chombo chako mwenyewe je? Chupa ya soda iliyosuuzwa kwa maji baridi imeharibu maziwa mengi ambayo lawama zake zilimwangukia mwenye mashine.

Laktomita, ile chupa ya kioo inayoelea, inagundua maji yaliyoongezwa. Haisemi lolote kuhusu ugonjwa au dawa.

10. Kuchemsha kunaondoa nini, na hakuondoi nini?

Kunaua bakteria wa brusela, wa kifua kikuu cha ng'ombe, salmonela na wenzao. Desturi yetu ya kuchemsha chai ya maziwa mpaka itake kumwagika imewakinga watu wengi kuliko kampeni yoyote.

Hakuondoi viuavijasumu, wala aflatoksini (sumu ya kuvu, swali la 16), wala kemikali zinazoongezwa na baadhi ya wachuuzi, kama haidrojeni peroksaidi au fomalini, ili maziwa yasigande njiani. Hivyo vinazuiwa shambani na kwenye kituo cha kukusanyia, au havizuiwi kabisa. Maziwa lala ya kienyeji yaliyogandishwa bila kuchemshwa kwanza yanabaki na hatari ya brusela, uchachu hautoshi.

11. Ng'ombe wangu amedungwa sindano ya ugonjwa wa kiwele. Nimwage maziwa siku ngapi?

Hakuna nambari moja kwa dawa zote. Soma kibandiko, kipindi cha kusubiri kimeandikwa, cha maziwa na cha nyama kando, na cha nyama kwa kawaida ni kirefu zaidi. Hesabu inaanza dozi ya mwisho, si ya kwanza. Hata kama dawa imetiwa kwenye chuchu moja, maziwa ya chuchu zote nne hayauzwi.

Tunajua inauma. Lakini mtungi mmoja ukimwagwa kwenye tangi la ushirika, tangi lote linachafuka, na likipimwa linakataliwa, nanyi nyote mnakosa malipo. Watengenezaji wa mtindi ndio huumia wa kwanza: dawa inaua chachu, maziwa yanakataa kuganda, na hakuna anayejua ni ya nani. Kwa mnywaji, mwenye mzio wa penisilini yuko hatarini moja kwa moja. Sisi wengine tunalipa polepole, kwa vijidudu vinavyozoea dawa mpaka siku mtoto anaugua na dawa haifanyi kazi.

Ushauri ambao agroveti wengi hawatakupa: andika kwa chaki kwenye mlango wa banda jina la ng'ombe, dawa, na tarehe ya kurudi kuuza. Kijana anayekama alfajiri hakuwepo daktari alipokuja.

12. Nanunua maziwa ya ngamia Eastleigh. Watu wanasema hayachemshwi.

Wengi huyanywa mabichi, ndiyo, na ladha ya moshi wa mtungi ni sehemu ya raha yake. Mengi hutoka Isiolo, yanasafiri kwa madumu ya plastiki, na kila saa ya joto njiani ni nafasi ya bakteria kuzaana. Brusela ipo kwa ngamia pia. Zaidi ya hayo, ngamia wa Kenya wamekutwa na kinga mwilini inayoonyesha walishapatwa na virusi vya MERS, ugonjwa wa mfumo wa kupumua, hata kwenye sampuli za damu zilizohifadhiwa tangu 1992. Yachemshe. Wapo akina mama wanaoyauza yakiwa yamechemshwa tayari, waulize.

## Kuku na mayai

13. Kuku wa gredi wanakua haraka hivyo kwa sababu ya homoni?

La. Wanakua kwa mbegu iliyochaguliwa vizazi vingi na chakula chenye protini nyingi. Wiki tano au sita zinatosha. Homoni zingekuwa hasara tupu kwa mfugaji. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: je, viuavijasumu vilikuwa kwenye maji yao hadi asubuhi ya kuchinjwa? Kipindi cha kusubiri (swali la 11) kinawahusu kuku na mayai sawasawa.

14. Mayai ya kuchemsha ya barabarani?

Yai lililochemshwa likakauka ndani na likabaki na ganda lake ni miongoni mwa vyakula salama kabisa vya barabarani. Tatizo ni kachumbari inayoongezwa juu. Tazama swali la 17.

15. Nafuga kuku kwenye ploti. Naruhusiwa?

Kilimo cha mjini kinatambuliwa na sheria ya kaunti ya Nairobi ya 2015, kwa masharti ya usafi na ya kutosumbua majirani. Kuku wakianza kufa kwa wingi, usigawe waliobaki kwa jamaa. Mara nyingi huwa ni kideri, na hivyo ndivyo kinavyohama kutoka mtaa hadi mtaa.

## Unga na mboga

16. Mahindi yaliyoshika kuvu si yanafaa kuwa chakula cha ng'ombe?

Hili ndilo swali linaloulizwa na watu wema kabisa, na jibu lake ni la kusikitisha. Kuvu aina ya Aspergillus hutoa aflatoksini, yaani sumukuvu. Ng'ombe akila mahindi hayo, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo gunia ulilokataa kusaga kwa ajili ya watoto linarudi kwa watoto wale wale kupitia kikombe cha uji wa maziwa. Habari njema ni kwamba ukimbadilishia chakula, maziwa husafika katika siku chache.

Tuna kumbukumbu mbaya. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa tano za unga. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mahindi safi machoni yanaweza kuwa yamepita kiwango hicho, na kuchambua punje mbovu kunapunguza sumu bila kuimaliza. Kinga ni kukausha hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kuweka magunia juu ya mbao, na kutomwaga mahindi mabichi juu ya udongo. Anayesaga kwenye kinu cha mtaa hana pakiti ya kusoma, basi amuulize mwuzaji mahindi yamevunwa wapi na lini.

Kwa unga wa pakiti, nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya KEBS inaweza kuhakikiwa: tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023. Alama inaweza kuchapishwa na yeyote. Nambari ndiyo inayomuumbua.

17. Sukumawiki ya kando ya mto ni hatari kweli? Nikiiosha kwa chumvi?

Kuna hatari mbili, na maji ya chumvi hayatibu yoyote ipasavyo. Ya kwanza ni vijidudu vya maji taka: hivyo moto unaviua, ndiyo maana sukuma iliyopikwa ina nafuu kuliko dhania mbichi ya kachumbari iliyokulia shamba hilohilo. Ya pili ni metali nzito kama risasi, ambazo mmea huzinyonya kutoka udongoni. Hazitoki kwa kuosha, kwa siki wala kwa kupika.

Mboga ya kuliwa mbichi ioshe kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani. Na uwe na mama mboga mmoja unayemwamini. Anayekwenda soko la Marikiti usiku wa manane anajua lori lilitoka Kinangop au shamba la kando ya mtaro. Atakuambia ukimuuliza kwa heshima, bila sauti ya polisi.

## Kutoa taarifa

18. Nikiona mnyama mgonjwa au nyama ya kutilia shaka, nimwambie nani?

Mnyama: afisa wa mifugo wa wadi au daktari wa mifugo wa kaunti ndogo; ukiwakosa, chifu au naibu wake anajua pa kupiga. Nyama na chakula: afisa wa afya ya umma. Sema mahali, aina ya mnyama, wangapi wanaugua, wangapi wamekufa, tangu lini, na kama kuna waliohama au kuletwa karibuni. Picha inasaidia, lakini usimsogelee wala kumpasua mnyama ili kuipata.

Afisa huingiza habari hizo kwenye mfumo wa simu uitwao KABS, ambao unazipeleka kaunti na Kabete kwa pamoja. Ikibidi, sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara kuu ya mifugo hapo Kabete. Uliza matokeo. Ni haki yako, na afisa anayejua kwamba ataulizwa hufuatilia kwa bidii zaidi.

19. Kwa nini basi wafugaji hunyamaza?

Kwa sababu anayesema ndiye anayepata hasara kwanza. Ugonjwa ukithibitishwa, karantini inawekwa, mnada unafungwa, na hana uhakika wa kulipwa fidia. Aliyenyamaza ameshauza ng'ombe wake Jumatatu na kulipa karo. Mimi siwezi kumwita mtu wa namna hiyo mjinga. Amepiga hesabu sahihi kwa upande wake. Mabango yaliyojaa maonyo hayatabadilisha hesabu hiyo. Inabadilika pale daktari anapofika siku hiyo hiyo, anapotibu wanaotibika, na anapofunga eneo dogo badala ya kaunti nzima. Kila mfugaji aliyetoa taarifa akasubiri wiki mbili bila kuona mtu amewafundisha majirani kumi kunyamaza.

20. Karantini ikitangazwa, niache kula nyama?

Si lazima. Nyama iliyopita kichinjio chenye leseni inaendelea kukaguliwa, tena kwa jicho kali zaidi. Karantini inazuia mnyama hai kutembea. Wanaovunja ni wale wanaosafirisha usiku bila kibali, na nyama yao haipiti penye muhuri (swali la 4).

21. Chanjo za mifugo zinadhuru maziwa au nyama?

Mwishoni mwa 2024 uvumi ulienea kwamba kampeni ya chanjo ilikuwa njama ya kubadili tumbo la ng'ombe lisitoe gesi. Kampeni ile ililenga ugonjwa wa miguu na midomo kwa ng'ombe, na sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ni ugonjwa tofauti na ile ya swali la 2. Chanjo za mifugo hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Ile ya miguu na midomo inatoka Embakasi. Wafugaji wa Kenya wamekuwa wakichanja kwa miongo mingi. Ng'ombe anaweza kupunguza maziwa kwa siku moja mbili baada ya sindano.

Serikali nayo ilichelewa kueleza, na pengo hilo likajazwa na WhatsApp.

## Mambo magumu

22. Nguruwe wangu wote wamekufa ndani ya wiki. Nalisha makombo ya hoteli. Nimekosea wapi?

Huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya, 1921. Haumpati binadamu. Virusi vyake huvumilia ndani ya nyama mbichi, iliyogandishwa hata iliyokaushwa, kwa hiyo ndoo ya makombo yenye vipande vya nguruwe inaweza kuuleta bandani bila nguruwe mgeni kukanyaga pale. Tiba haipo, na agroveti hatakuuzia chanjo yake. Chemsha makombo kwa angalau nusu saa huku ukikoroga, usikopeshane dume, na usimruhusu mnunuzi aliyetoka banda jingine kuingia na viatu vyake. Usiuze waliobaki kwa haraka. Toa taarifa kwanza.

23. Ng'ombe wetu ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Tunaweza kumchinja mapema?

Msifanye hivyo bila daktari wa mifugo. Anayechinja na kuchuna mnyama aliyeambukizwa, hasa kichwa na uti wa mgongo, anajiweka hatarini. Maziwa yake yasinywewe. Aliyegusa mate ya mnyama huyo akiwa na jeraha aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini kupata chanjo hata kama kidonda ni mchubuko tu. Dalili zikishaanza, kichaa cha mbwa karibu hakina anayepona.

24. Tunachinja mbuzi nyumbani kwa sherehe. Lazima mkaguzi?

Nyama ya kuuzwa haichinjwi nyumbani, basi. Kwa sherehe ya familia, ni busara kumwita mkaguzi. Ada yake ni ndogo kuliko bei ya soda mlizonunua. Akikosekana, angalau mchinjeni mbuzi aliyekuwa akila na kutembea vizuri jana yake, kateni ini na mapafu mtazame (swali la 5), na msiwatupie mbwa viungo vyenye uvimbe wa maji, maana ndivyo mzunguko wa minyoo ile unavyoendelea.

25. Mvua za El Niño zikitabiriwa, kwa nini madaktari wa mifugo huanza kuhangaika?

Kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha na kuelezwa 1931 na watafiti wa maabara ya Kabete. Mayai ya mbu yenye virusi hulala kwenye udongo mkavu miaka mingi, na mafuriko huyaamsha. Dalili ya kwanza ni kondoo na mbuzi kutupa mimba kwa wingi na wana-kondoo kufa. Binadamu hupata kwa kuumwa na mbu, au kwa kushika damu, kondo la nyuma na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa.

Mlipuko wa 1997 na 1998 ulikuja na El Niño. Ule wa 2006 na 2007 ulianzia Garissa na kuua watu zaidi ya 150 nchini, na hapa Nairobi walaji wengi wakakimbilia kuku na samaki. Chanjo ya mifugo ipo, ila hufaa ikitangulia mvua. Mbu wakishatanda imechelewa, na sindano inayohamishwa kutoka mnyama hadi mnyama inaweza yenyewe kueneza virusi. Ndiyo sababu, utabiri wa mvua ukitoka, daktari wa mifugo wa Garissa au Isiolo anaanza kuulizia chanjo wakati mbingu bado ni kavu, na wewe mwenye mbuzi huko nyumbani unafaa kumpigia simu wiki hiyo hiyo.